Msituulize mbuzi ni wangapi, mtuulize majike wako wapi

Nawaandikia nyinyi mlio hapa Nakivale, mlio Rwamwanja, Kyaka na Kyangwali, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kubonyeza hata laiki moja (tunawaona). Zamu ya kuandika wiki hii ni yangu. Sitaandika mapenzi, wala kesi za kwenda Kanada. Nataka tuongee mambo ya mbuzi. Msicheke, juu ya hii habari ya mbuzi imeshavunja urafiki wa watu wawili kwenye kikundi chetu, na Alhamisi ijayo tuna kikao kingine.

Wengi mnakumbuka ule mradi wa kwanza. Shirika moja, jina naliacha, lilikuja na mbuzi 60 kwa familia 30. Kila familia jike moja na dume moja, kama safina ya Nuhu. Tulipiga makofi, tulipigwa picha, mama yangu alivaa kile kitenge chake cha harusi. Afisa wa mradi alisimama akatuambia kwamba mbuzi wawili watakuwa wanne, wanne watakuwa wanane, na baada ya miaka mitatu hakuna familia itakayolala njaa. Alikuwa na mchoro kwenye karatasi kubwa, mstari unapanda tu kama mtu anayepanda mlima bila kupumzika.

Baada ya miaka miwili, mimi na vijana wawili wa kikundi tulichukua daftari tukapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyetutuma. Tulikuta mbuzi 21 kwenye nyumba 11. Kati ya hao 21, majike walikuwa tisa. Nyumba nyingine 19 zilikuwa na kamba tu na kigingi. Lakini nikisoma ubao ulioachwa pale kwenye kituo, bado umeandikwa kwamba mbuzi 60 waligawiwa na familia 30 zilifikiwa. Na ni kweli, hawakudanganya. Mbuzi 60 waligawiwa. Ile ni hesabu ya siku moja, na siku ile imepita.

Nimejiuliza sana ule mstari wa kwenye karatasi ulikosea wapi. Nilikuwa na mwalimu wa bayolojia kule Rutshuru kabla hatujakimbia, mtu mkali, chaki yake ilikuwa inaruka kama risasi. Yeye alitufundisha kwamba kundi lolote la wanyama ni kama nyumba yenye milango minne. Mlango wa kuzaliwa na mlango wa kuingia kutoka kwingine, hapo kundi linaongezeka. Mlango wa kufa na mlango wa kuondoka, hapo linapungua. Ukitaka kujua kesho watakuwa wangapi, usiangalie mlango mmoja ukarudi nyumbani. Mchoro wa yule afisa ulikuwa na mlango mmoja tu, ule wa kuzaliwa. Mingine mitatu aliipiga misumari.

Halafu hata huo mlango mmoja aliuhesabu vibaya. Dume hazai. Samahani kwa kusema jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua, lakini inaonekana kwenye bajeti halikujulikana. Dume mmoja mwenye afya anatosha majike 20, hata 25. Kwa familia 30 tulihitaji madume watatu. Wale 27 waliobaki walikuwa wanakula majani ya bure, wanapigana pembe, wanakata kamba usiku na kuingia kwenye mahindi ya wenyeji. Kama tungepewa majike 57 na madume watatu, wangekuwa mbuzi walewale 60, picha ileile, kitenge kilekile cha mama, ila watoto wa mwaka wa kwanza wangekaribia mara mbili. Ndiyo maana nasema mtu akiniuliza "mbuzi ziko ngapi?" bado hajaniuliza kitu. Kundi la mbuzi kumi lenye majike wanane wachanga na kundi la mbuzi kumi lenye madume wanane ni namba ileile kwenye ripoti. Moja litakuwa limejaa ploti baada ya miaka mitatu, lingine litakuwa supu.

Na umri nao. Mbuzi jike anabeba mimba miezi mitano, akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu ndani ya miaka miwili, mara nyingi mapacha. Lakini yule anayegawiwa akiwa mdogo anahitaji karibu mwaka mzima au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Ule mwaka ndio unaua miradi. Familia inalisha, inachunga, inagombana na jirani, na haijapata hata kikombe cha maziwa. Kwenye karatasi mwaka huo hauna kitu. Kwa mama yangu ulikuwa na siku 365.

Sasa niwaambie ya mama.

Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda ulipunguzwa kwa 30%. Februari 2021 ukashushwa tena mpaka 60% ya ule wa zamani. Mnakumbuka wote, sihitaji kuwachorea. Wakati huo jike letu lilikuwa na mimba, tumbo limeshuka, limebakiza labda mwezi na nusu. Jioni moja nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta kamba iko chini. Mama alikuwa amemuuza kwa mtu wa sokoni, shilingi 90,000, bei ya mtu anayejua kwamba una njaa. Nilikasirika mpaka nikakataa kula. Nikamwambia mama, umeuza mbuzi wawili au watatu kwa bei ya mmoja. Akanijibu, "Mimba yake itaiva lini? Nyinyi mnakula leo."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini kwenye daftari nilifanya hesabu. Tuseme angezaa mara tatu kwa miaka miwili, watoto wanne, mmoja afe, wabaki watatu, wawili wawe majike. Mwaka wa tatu hao majike nao wangeanza. Tungekuwa na mbuzi sita, saba hivi, bila muujiza wowote. Mama hakukosea hesabu. Yeye alikuwa anahesabu kundi lingine, la watoto watano ndani ya nyumba, na kwa kundi lile mlango wa kufa ulikuwa wazi.

Tulipopita na daftari, kati ya majike waliokosekana, waliouzwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa ugonjwa. Na karibu wote waliuzwa katika ile miezi baada ya kukatwa mgao. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa na naomba watu wa mashirika waisome mara mbili: ofisi moja ilikuwa inatupa mbuzi kwa mkono wa kulia, na chakula kinapunguzwa kwa mkono wa kushoto, halafu ikaandikwa kwamba wakimbizi hawajui kufuga. Jamani. Watu waliochunga Masisi kizazi hata kizazi hawajui kufuga?

Wapo watakaosema naongea kama mtu wa kijiji, sayansi ya wanyama ni mambo ya hifadhi na madaktari. Sawa, twende hifadhini basi.

Koko yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward upande wa Kongo. Alikuwa anasema zamani mtumbwi ulipita katikati ya viboko kama bodaboda inavyopita katikati ya malori. Nilifikiri ni hadithi za wazee. Baadaye nikasoma kwamba katikati ya miaka ya 1970 viboko wa Hifadhi ya Virunga walihesabiwa kama 29,000, mahali pengine popote duniani hapakuwa na viboko wengi hivyo pamoja. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Vita, njaa, bunduki mikononi mwa kila mtu, nyama ya bure na meno ya kuuza. Miaka thelathini tu.

Na kiboko jike anabeba mimba miezi minane, anazaa mtoto mmoja, kisha anakaa kama miaka miwili kabla ya kuzaa mwingine. Yaani kikosi kimoja chenye bunduki kinaweza kumaliza kwa wiki moja kile ambacho majike wa ghuba nzima wanakizaa kwa miaka mingi. Kushuka ni kwa risasi, kupanda ni kwa mimba. Tangu hapo wameanza kurudi kidogokidogo, lakini mtu aliyezaliwa mwaka ule wa 2005 leo ni mtu mzima, na zile namba za koko yangu bado ziko mbali sana.

Wavuvi waliona kitu kingine pia. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku, mchana anarudi majini na kuachia mavi yake ziwani. Yale mavi ni mbolea. Yanalisha vijimea vidogo vya majini, na tilapia wanakula vile vijimea. Viboko walipokwisha, wavuvi walilalamika kwamba samaki nao wamepungua. Sitasema ni viboko peke yao. Mitumbwi isiyo na kibali iliongezeka na nyavu za matundu madogo zilivua hata watoto wa samaki. Lakini koko yangu hakuwa amesoma, na alikuwa anasema waziwazi: walipokula viboko walikula na samaki wetu humo humo. Kundi moja likianguka haliangukii peke yake.

Sasa tembo, na hapa naomba mtulie, juu ya hapa ndipo tembo wanatuhusu sisi wenyewe.

Mwaka 1980, baada ya miaka ya Amin na vita vyake, Hifadhi ya Queen Elizabeth hapa Uganda ilikuwa imebaki na tembo kama 150. Ilipofika 2006 walihesabiwa zaidi ya 2,000. Watu wakafurahi, wakasema tembo wamezaana. Chukua kalamu. Tembo jike anabeba mimba miezi 22 na anazaa kama kila miaka minne au mitano. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, bila jangili, bila ukame, kundi la tembo haliongezeki kwa zaidi ya kama 7% kwa mwaka. Weka 150, zidisha kwa 7% kila mwaka kwa miaka 26. Unapata kama 870. Basi wale wengine, zaidi ya elfu moja, wamezaliwa lini na nani?

Hawakuzaliwa pale. Walitembea. Kule Virunga risasi zilikuwa zinalia, tembo wakavuka Ishasha wakaingia Uganda, bila stakabadhi, bila kituo cha mapokezi, bila foleni ya alama za vidole. Upande mmoja wa mpaka watu waliandika tembo wamekwisha, upande wa pili wakaandika tembo wamezaana, na kumbe ni mguu uleule umevuka mto uleule. Mwaka 2020, ulinzi ulipokuwa umepata nguvu upande wa Kongo, kundi la tembo kama 580 lilivuka kurudi Virunga. Niliposoma ile habari nilimsomea mama. Akauliza nani amewaambia kwamba kuko salama. Swali zuri kabisa. Sijui tembo wanajulishana vipi, lakini hawakupewa fomu ya kujaza kwamba wanarudi kwa hiari.

Kwa nini nawaletea hesabu ya tembo? Juu ya nimesikia kwa masikio yangu, kwenye semina, chai ya bure na maandazi, mtu mzima na kitambulisho shingoni akisema kwamba idadi yetu inapanda kwa sababu "hawa watu wanazaa sana". Ni kweli tunazaa, na mimi sipingi dada zetu kupata huduma ya uzazi wa mpango, wapate, tena foleni ipunguzwe. Lakini idadi ya watu hapa iliporuka mwaka 2022, hakuna mwanamke anayeweza kuzaa hivyo kwa miezi mitatu. Machi 2022 mapigano yalianza upya Rutshuru, Juni M23 wakachukua Bunagana, na watu kwa makumi ya maelfu wakavuka kwa miguu kuingia Kisoro. Wengi wao waliletwa na mabasi mpaka hapa kwetu. Ule ulikuwa mlango wa kuingia. Ukiona namba imepanda, uliza kwanza nani amevuka na nini kinamfukuza, kabla hujanifundisha mimi kuzaa.

Na kuna namba zinazobadilika bila hata mtu mmoja kuzaliwa au kufa. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda tulihesabiwa upya kwa vidole na macho. Kabla ya hapo ilisemwa tuko kama milioni 1.4. Baadaye ikawa kama milioni 1.1. Wale laki tatu hawakuzikwa popote. Wengine waliandikwa mara mbili, wengine walisharudi au walihamia mjini bila kuaga, wengine siku ile hawakufika kwenye foleni. Kilichobadilika sana ni namna ya kuhesabu. Nikisoma kwamba mnyama fulani ameongezeka kwa kiasi fulani, nauliza kwanza, mara hii walihesabu kwa miguu au kwa ndege? Wale wale?

Hapa kambini kuhesabu mbuzi kumeharibika kwa njia yetu wenyewe, na lazima tuseme ukweli sisi kwa sisi. Tangu 2023 familia zimepangwa kwa makundi matatu ya mgao, na kundi la juu halipati kitu. Basi watu wanaogopa kwamba akionekana na mbuzi watano ataandikwa kuwa anajiweza. Kwa hiyo afisa akija, mbuzi ziko mbili. Akienda, zinarudi tano kutoka kwa shemeji. Nimewahi kuona mbuzi mmoja ana wenye wanne kwa wiki moja. Sisi tunacheka, lakini matokeo yake ni kwamba hakuna anayejua kundi letu linapanda au linashuka. Daktari wa mifugo akija na chanjo ya mbuzi 200 na wapo 500, sotoka haitauliza nani alimficha wake.

Kwenye makundi ya WhatsApp huwa mnaleta sokwe wa milimani kama kichekesho, kwamba wale wana madaktari na askari kuliko sisi. Utani ule una uchungu ndani yake na mimi pia nimeucheka. Askari wa hifadhi ya Virunga waliouawa kwa miaka yote hii ni zaidi ya 200, na watoto wao wanalia kama watoto wengine, kwa hiyo tucheke kwa adabu. Lakini angalieni lile kundi. Mwaka 1981 sokwe wa milima ya Virunga, ukijumlisha Kongo, Rwanda na Uganda, walikuwa kama 254. Hesabu ya 2015 na 2016 ikapata 604. Katikati hapo pana mauaji ya kimbari ya Rwanda, pana vita viwili vikubwa vya Kongo, pana waasi waliolala ndani ya msitu uleule. Na sokwe jike anaanza kuzaa akiwa na kama miaka kumi, mtoto mmoja kila kama miaka minne. Mnyama mzito kuongezeka kuliko mbuzi mara nyingi sana.

Wamewezaje? Watafiti walilinganisha familia za sokwe zinazofuatiliwa kila siku na zile zisizofuatiliwa, msitu mmoja, milima ileile. Za kwanza ziliongezeka kama 4% kwa mwaka. Za pili zilikuwa zinapungua taratibu. Tofauti ni mtu anayefika kila asubuhi, anayejua huyu ana kidonda cha mtego mguuni, yule anakohoa, amwite daktari. Mbuzi wetu 60 walitembelewa mara tatu. Mara ya kwanza kugawiwa, mara ya pili kupigwa picha wakiwa wamenenepa, na mara ya tatu kuulizwa wamekwenda wapi.

Basi kama mradi mpya unakuja, na tumeambiwa unakuja, mimi nina maoni yangu na nitayasema Alhamisi hata kama mwenyekiti atanikunjia uso.

Majike wapewe familia, madume wawe wa kikundi. Dume mmoja kwa majike 20, akae kwa mtu anayelipwa kumlisha, na kila baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa abadilishwe na dume wa zoni nyingine, asije akapanda mabinti zake mwenyewe. Mlishaona wale watoto wadogo wadogo, miguu dhaifu, waliozaliwa kwa dume mmoja wa blok nzima miaka mitatu. Hiyo haikuwa uchawi wa jirani. Chanjo ya sotoka ya mbuzi ichomwe kabla ya kugawa, wala siyo wiki ambayo tayari wameanza kutoka makamasi na kuharisha. Na wagawiwe mvua ikiwa imeanza. Mradi wa kwanza uliletwa kiangazi, nasikia kwa sababu pesa zilipaswa kutumika kabla ya mwaka wao wa hesabu kufungwa. Mbuzi hana mwaka wa hesabu.

Kuna suala la majani ambalo hatulipendi. Ploti zetu ni ndogo na wenyeji wana ng'ombe wao wa pembe ndefu waliokuwa hapa kabla yetu. Hata bila kuuza hata mmoja, ule mstari wa afisa usingepanda milele. Ungefika mahali majani yakaisha, mbuzi wakakonda, watoto wakafa, na ugomvi na wenyeji ukaua wengine. Mwaka jana kijana wa blok yetu alivunjwa mkono kwa sababu ya mbuzi mmoja ndani ya shamba la maharage. Kwa hiyo mimi sitaki kila familia iwe na mbuzi ishirini. Watatu au wanne wanaozaa, waliofungiwa bandani na kukatiwa majani, na madume wadogo wauzwe mapema wakinenepa. Kuuza siyo kosa. Uza dume, usiuze jike. Hiyo kila mfugaji wa Masisi anaijua tangu ananyonya.

Halafu ile sheria ya kopa mbuzi lipa mbuzi, ambayo mashirika yanaipenda, kwamba jike wa kwanza anayezaliwa apewe familia nyingine. Naipenda pia, inaleta undugu. Lakini mtoto wa kwanza ni mapema mno. Familia imelisha mwaka mzima bila kitu, halafu faida ya kwanza inatoka mlangoni na wao wanabaki walipoanzia. Walipe jike wa pili. Kuna wenzangu kwenye kikundi wanaona huo ni uchoyo, na mmoja ameacha kunisalimia. Sawa. Afungue daftari tuhesabu pamoja.

Na kubwa kuliko yote ni ule mwaka wa kwanza. Mkija kutupa jike mwenye mimba, tuambieni pia atakayelisha nyumba mpaka azae. Pesa kidogo ya miezi sita, au ahadi kwamba familia yenye mbuzi wa mradi haitatolewa kwenye mgao mpaka mbuzi azae mara ya pili. Ikiandikwa hivyo, watu wataacha kuwaficha kwa shemeji, na nyinyi mtapata hesabu ya kweli bila kutumia pesa nyingine ya utafiti.

Nimejaribu kumshawishi mama ajiandikishe tena. Ana banda, ana uzoefu, mbuzi wanamfuata kama watoto. Jana jioni nilimpelekea fomu. Akaisoma yote, polepole, kidole kwenye kila mstari, kisha akanirudishia bila kuweka alama yake. Akasema nikiwaona hao watu Alhamisi niwaulize mgao wa mwezi wa tatu utakuwa asilimia ngapi, wakishajibu nirudi na ile fomu.